Nikimfundisha kijana kazi yangu yote, mimi nitabaki na nini?

*Barua*

Shikamoo mama mshauri.

Nina miaka 49, mama wa watoto watatu, na kwa miaka 22 nimefanya kazi katika kiwanda cha chai huku Nyanda za Juu Kusini. Nilianza shambani nikichuma, nikahamishiwa kwenye machekeche, na miaka 16 iliyopita nikaingia chumba cha kuchachushia. Shule niliishia darasa la saba. Niliyonayo kichwani hayakutoka darasani.

Kwa asiyejua: jani likishasagwa na mashine linaachwa kwenye troli likipigwa hewa, linageuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, ndipo linaingia kwenye kikaushio. Muda huo ndio unaoifanya chai iwe chai. Ukiwahi kulitoa, chai inakuwa kali, ina harufu ya majani mabichi. Ukichelewa, inakuwa nzito na kikombeni haing'ai. Saa ipo ukutani na kipimajoto kipo, lakini siku ya ukungu jani halifuati saa. Mimi nalijua kwa pua. Linaanza na harufu ya nyasi zilizofyekwa, harufu ile inazama, halafu inakuja nyingine tamu, kama tufaha lililoivia ndani ya kapu lililofunikwa. Hapo ndipo nasema toeni.

Aliyenifundisha ni mzee mmoja, nitamwita Mzee tu. Alikuwa ananiambia nifumbe macho, ananiletea konzi tatu za jani kutoka troli tatu, nimwambie ipi imefika. Nikikosa hasemi kitu, anachanganya upya na kunipa tena. Ilinichukua karibu mwaka mzima. Mwaka wa pili, nilipoweza kusimamia zamu peke yangu, Mzee akapelekwa getini kuwa mlinzi. Alikaa pale miaka minne mpaka akastaafu. Kila nikiingia kazini nampita amevaa lile koti la ulinzi lililomzidi mabega, namwamkia, ananiitikia huku anatabasamu. Mama, mpaka leo nikilikumbuka geti lile tumbo linanikata.

Mwishoni mwa mwaka jana uongozi ulileta kijana mwenye stashahada. Ana miaka 26, mpole, ananiita mama. Meneja aliniita ofisini akasema nimweleze kijana kila ninachofanya, aingize kwenye kompyuta, uwe ndio utaratibu wa kiwanda. Akaongeza kwamba kwa kila ukurasa utakaokamilika nitapata posho. Nikasema sawa bosi. Nilipotoka nje miguu haikuwa na nguvu.

Tangu siku hiyo namfundisha nusu. Namwambia ya kipimajoto, ya saa, ya kuosha troli. Ya harufu simwambii. Akiniuliza, "Mama, umejuaje?" namjibu ni mazoea tu. Siku nyingine najifanya hata mimi sijui, nasema leo tumebahatika.

Sasa lililonifanya nikuandikie. Julai iliyopita, zamu ya usiku, jani liliingia limelowa chapachapa na baridi ilikuwa ya kugonganisha meno. Nilichukua konzi moja kwenye kitanda cha kunyaushia, jani linapolazwa kabla ya kusagwa, nikaifumbata, nikaiachia. Ikafumuka upesi. Nikajua halijanyauka sawasawa na kwenye troli litachelewa. Usiku huo aliyeandikwa kusimamia alikuwa kijana, na alikuwa ameshapiga hesabu ya dakika zake. Zilipotimia akaja: "Mama, muda umefika, tutoe?" Nilikuwa nimesimama kando ya troli, puani nyasi tupu. Nikamwambia, "Wewe ndiye mwenye vipimo, mwanangu." Akatoa.

Chai ya usiku ule ilitoka na ukijani kikombeni, mdomoni inakwaruza. Mwonjaji aliushusha daraja mzigo wote. Kijana akapewa onyo la maandishi. Hakunitaja. Nilimkuta alfajiri anasugua troli zilizokwisha kusuguliwa, macho mekundu, akaniambia, "Shikamoo mama. Nisamehe, nimekuangusha."

Mume wangu anasema ninyamaze, tuna mtoto chuo, na anayetoa siri zake zote mwisho wake ni getini. Rafiki yangu wa kanisani anasema huo ni uchoyo na ni dhambi. Mimi sijijui kuwa mchoyo. Kwangu majirani wanakula, na wasiokuwa ndugu wamesoma kwa mkono wangu. Lakini kwenye hili nimekuwa mtu nisiyemfahamu. Nikimpa kijana kila kitu, mimi nitabaki na nini? Nisipompa, nitaishije na macho yale ya alfajiri?

Mama wa zamu ya usiku

*Jibu*

Marahaba, mdogo wangu. Barua yako niliisoma, nikaiweka, nikaenda jikoni, nikarudi kuisoma tena. Yule kijana anayesugua troli safi hakunitoka.

Niseme nilivyokuelewa, na pale nilipokosea unisahihishe. Una ujuzi ulioupata kwa mwaka mzima wa kufumba macho. Ofisi inautaka kwenye kurasa. Aliyekupa ujuzi huo ulimwona kwa macho yako akivuliwa kazi yake na kuvalishwa koti la mlinzi, na ukaapa moyoni, pengine bila kujua kama umeapa, kwamba wewe hayatakupata. Ukajifunga mdomo. Halafu mdomo huohuo uliofungwa ukamchoma mtu asiye na kosa. Kwa hiyo unaishi na hofu mbili, ya geti na ya alfajiri ile, na kila ukiikimbia moja unaikuta nyingine.

Kuhusu uchoyo, sikubaliani na rafiki yako, ingawa naamini alisema kwa nia njema. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada, akiwemo Catherine Connelly, walichapisha utafiti juu ya watu wanaowaficha wenzao kazini wanachokijua. Walikuta njia tatu: kumpa anayeuliza jibu la juujuu, kujifanya hujui, na kumwambia wazi kwamba jambo hili siruhusiwi kulisema. Wewe mbili za kwanza umezitumia, "ni mazoea tu" na "leo tumebahatika". Lakini kilichonivutia zaidi kwenye kazi yao ni hiki: mtu mmoja anaweza kumficha huyu na siku hiyohiyo akamfungulia yule. Tabia ya mtu pekee haitoshi kueleza. Chenye uzito mkubwa ni kama anamwamini aliye mbele yake.

Basi nikuulize. Ni kijana usiyemwamini? Umemwita mpole. Umesema alibeba onyo peke yake akakufichia jina lako. Hakuna mstari hata mmoja kwenye barua yako unaomlaumu. Nahisi kila alipokuuliza "Mama, umejuaje?" wewe ulisikia sauti ya meneja nyuma yake, na ulikuwa unamjibu meneja. Kijana alisimama katikati, jibu likampiga yeye.

Tuje kwenye geti, maana ndiko maumivu yako yanakokaa. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa, nami sitaki kukugusa kovu kwa pupa. Ila umeniandikia mambo mawili yaliyofuatana: Mzee alikufundisha, kisha Mzee akahamishwa. Katika kichwa chako la kwanza limezaa la pili, na wewe ndiye uliyefaidika, kwa hiyo kila ukimpita ulikuwa unapita deni lako. Je, una hakika? Hukuniambia alikuwa na umri gani wakati ule. Hukuniambia kama alikuwa anaumwa, kama kifua kilikuwa kinakubali vumbi na baridi ya usiku, kama kulikuwa na meneja mgeni aliyetaka watu wake, kama yeye mwenyewe aliomba kupumzika. Inawezekana kabisa kwamba ulivyofikiri ndivyo ilivyokuwa, walimtumia wakamweka kando. Viwanda vya namna hiyo vipo na siwezi kukudanganya. Lakini umeishi zaidi ya miaka kumi na jibu ambalo hukuwahi kuuliza swali lake.

Kuna dhana nyingine naomba tuitazame, kwamba siku utakayolitamka neno "tufaha" ujuzi utakuwa umekutoka na kuingia kwenye kompyuta. Mwanafalsafa Michael Polanyi aliandika mwaka 1966 kwamba tunajua zaidi ya tunavyoweza kusema. Wewe umenielezea ile harufu vizuri kiasi kwamba nimeisikia hapa nilipo, na bado ukiniweka kando ya troli zako usiku wa manane sitajua lini niseme toeni. Kijana naye akisoma kwenye ukurasa "harufu ya tufaha lililoiva" atakuwa amepata maneno. Pua hatakuwa ameipata. Mzee angeweza kukuandikia maneno hayo kwenye karatasi siku ya kwanza. Hakufanya hivyo, alikufumba macho, akakupa konzi, kwa mwaka mzima.

Mtafiti Jean Lave alikaa na mafundi cherehani wa Liberia miaka ya 1970 akitazama wanavyofundishwa. Mwanafunzi hakuanza na mkasi. Alianza mwisho wa kazi, kutia vifungo na kukunga pindo, akishika kila siku nguo iliyokwisha kushonwa mpaka mkono wake unaijua ilivyo. Akaja kushona vipande. Kukata kitambaa kulikuja mwisho kabisa, maana ukikosea mshono unafumua, ukikosea mkasi kitambaa kimekwenda. Hakuna aliyempa kitabu. Alipewa mahali pa kukaa karibu na fundi. Sasa kijana wako amewekwa kwenye mkasi moja kwa moja, akapewa usiku mgumu kuliko zote za mwaka, na onyo juu. Hilo si kosa lako peke yako, mdogo wangu. Waliopanga zamu ile nao wana sehemu yao.

Nayasema haya kwa sababu yanabadilisha hesabu ya ulichonacho mkononi. Ofisi inadhani inahitaji kurasa zako. Inachohitaji ni wewe ukae na kijana miezi mingi, misimu ya mvua na ya ukungu, na hilo hakuna anayeweza kulichukua kwako kwa siku moja wala kulipata bila ridhaa yako.

Na ile posho? Umeitaja mara moja ukaiacha, wala hukusema ni kiasi gani. Mtu mwenye mtoto chuo anaacha kutaja kiasi pale tu fedha zenyewe zilipomkera. Kuna mafundi wa mashine za kunakili za kampuni ya Xerox waliochunguzwa sana na watafiti. Mmoja wa watafiti hao, Julian Orr, alikuta wanafundishana kwa hadithi, mezani wakila, huyu akisimulia mashine ilivyomsumbua na yule akidakia. Baadaye kampuni ikawajengea hifadhi ya vidokezo vyao. Wazo la kuwalipa kwa kila kidokezo lilipokuja, mafundi wenyewe hawakulitaka. Waliona watu wataanza kuhesabu idadi na kusahau ubora. Walichotaka ni kidokezo kipitiwe na wenzao wanaoijua kazi, na jina la aliyekitoa libaki pale kila mtu alione. Nilipoyakumbuka hayo nikarudi kwenye maneno uliyoambiwa: "utaratibu wa kiwanda". Miaka 16 ya pua yako, na ya Mzee kabla yako, inageuka utaratibu usio na mwenyewe. Sishangai miguu ilikuisha nguvu. Nakuuliza tu kama kilichokuuma siku ile kilikuwa hofu ya kufukuzwa, au kilikuwa kitu kingine ambacho hukupata jina lake.

Njia zilizo mbele yako nazijua chache, na hakuna isiyo na mwiba.

Unaweza kuendelea ulivyo. Mume wako hakusema upuuzi, anaiangalia ada. Miaka 55 ya kustaafu kwa hiari haiko mbali, na pengine utafika. Lakini Julai nyingine itakuja, na kijana atakuwa anajifunza kwa mizigo inayoharibika, na siku moja mtu atauliza nani alikuwa kando ya troli. Kuna na hili: Matej Černe na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2014 uliowahusisha wafanyakazi wa Slovenia, walikuta kwamba kuficha kunazaa kutoaminiana, nako kutoaminiana kunamrudia aliyeanza kuficha. Wenzake nao wanamfungia, na ubunifu wake mwenyewe unapungua. Jiulize mara ya mwisho kijana kukuonyesha kitu kwenye kompyuta yake ilikuwa lini.

Unaweza kumfungulia yote kesho bila kwenda kwa mtu yeyote. Moyo utapata nafuu, ila hofu ya geti itabaki na wewe, na mtu mwenye hofu hufundisha huku akihesabu siku. Kama unaifikiria njia hii, ujue sheria inavyokulinda na inapoishia. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukuachisha bila sababu halali na utaratibu wa haki, na akitaka kupunguza wafanyakazi lazima atoe taarifa na kufanya mashauriano kwanza. Mwenye malalamiko ya kuachishwa huyapeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Kiinua mgongo cha kuachishwa, kwa anayestahili, ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Yako 22 itahesabiwa 10. Afadhali ulijue hilo sasa. Na kumhamishia mtu kazi nyingine, kama alivyofanyiwa Mzee, ni jambo lenye mazungumzo yake, ndiyo maana ni vizuri mwakilishi wa chama cha wafanyakazi asikie habari hii mapema.

Au unaweza kuanzia ofisini. Kumwambia meneja kwa heshima: bosi, kazi hii haiandikiki yote, inafundishwa, na mimi niko tayari kuifundisha, lakini naomba iandikwe kwamba mimi ndiye mkufunzi wa chumba cha kuchachushia, na jina langu na la Mzee yawemo. VETA nao wana utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti watu waliopata ujuzi kazini bila kupita chuoni. Ulizia ofisi yao iliyo karibu nawe kama kazi yako inaingia. Mwiba wa njia hii ni kwamba meneja wa aina fulani akisikia "naomba iandikwe" anasikia mgomo. Wewe unamjua, mimi simjui. Unajua anasikiliza vizuri saa ngapi, na nani akiwa amekaa naye.

Kuhusu kumwambia kijana ukweli wa usiku ule, hapa natembea polepole. Onyo lile liko kwenye faili lake, na anaamini aliangusha kazi kwa sababu hajui, wakati kulikuwa na mtu aliyejua amesimama hatua mbili kutoka kwake. Kumwambia kunaweza kumrudishia imani katika akili yake. Kunaweza pia kumkasirisha, na ana haki ya kukasirika, na neno linaweza kufika ofisini na kukugharimu. Sitakusukuma. Nitakachosema ni kwamba kati ya kumwambia yote na kukaa kimya kuna mambo madogo yanayowezekana hata wiki hii. Mwambie afumbe macho. Mpe konzi tatu. Hakuna ukurasa, hakuna posho, hakuna meneja. Uangalie kwanza wewe mwenyewe unajisikiaje ukiwa umesimama pale alipokuwa anasimama Mzee.

Hukusema kama Mzee yu hai, ila unamwandika kama mtu ambaye bado unaweza kumkuta nyumbani kwake. Kama yupo, mchukulie nusu kilo ya chai ya zamu yako na sukari, ukamwamkie. Mkishakunywa, muulize ilikuwaje akapelekwa getini. Halafu muulize na lile lililo gumu zaidi: wakati anakuletea zile konzi, je, alikuwa anajua kwamba geti linamsubiri? Huenda hakujua. Huenda alijua, na akaendelea kukuletea.

Ukitoka kwake niandikie tena, mdogo wangu. Nataka kusikia alichosema.